Panya wa maabara naye huugua: adenovirusi, macho mekundu na ile chanjo ya 2021

Januari 2024 wakazi wa Dar es Salaam walianza kutembea na miwani ya jua hata jioni. Macho yalikuwa mekundu, yanawasha, yanatoa machozi na tongotongo, asubuhi kope zimegandana. Wizara ya Afya ikatangaza kwamba huo ni ugonjwa wa macho unaosababishwa na virusi, na kipindi hichohicho Mombasa nao walikuwa wanalalamika jambo lilelile. Sisi wa kanda hii, Shinyanga mpaka Geita, jicho jekundu halitushtui haraka, maana tuna sababu nyingi za kulisingizia. Kuna vumbi la kiangazi. Kuna moshi wa kuni. Kwa wanaochenjua dhahabu kwenye mialo kuna unga wa mawe ya karasha unaoingia machoni kutwa nzima. Lakini vumbi halimwambukizi mke nyumbani wala halihamii kwa watoto watatu ndani ya wiki moja. Likihama hivyo, mshukiwa wa kwanza ni kirusi, na duniani kote milipuko ya namna hii mara nyingi huletwa na kundi moja: adenovirusi.

Hao si wageni kwako hata kama jina ni geni. Wana aina zaidi ya 100 zinazompata binadamu. Nyingine huleta mafua na kuwasha koo, nyingine hukaa kwenye macho, na aina ya 40 na ya 41 ni miongoni mwa visababishi vikubwa vya kuhara kwa watoto wadogo. Watu wengi huwapata utotoni, wanapona, na hakuna anayejua walipita.

Sasa hapa ndipo watu hushangaa. Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa Ikulu, Dar es Salaam, mbele ya kamera, kuzindua chanjo ya UVIKO-19 nchini. Chanjo ile ilikuwa ya Janssen, na zilikuwa zimefika dozi zaidi ya milioni moja. Ndani ya kila dozi kulikuwa na chembe bilioni 50 za adenovirusi aina ya 26. Ndiyo, umesoma sawasawa. Wale waliosema mtaani kwamba "ile chanjo ina virusi" hawakukosea neno. Walikosea maana yake. Kirusi kile kilikuwa kimeondolewa jeni inayokiwezesha kuzaliana, kikawekewa maelekezo ya kutengeneza protini moja ya kirusi cha korona. Ni kama bodaboda iliyotolewa tenki la mafuta: inakushusha ulipofika, haiendi mbele tena.

Ili tufike mahali pa kuweza kutengeneza bodaboda ya namna hiyo, na ili tujue wapi inaweza kukwama, tulihitaji panya. Na panya nao wana adenovirusi wao. Habari ya hao haisimuliwi sana, basi niisimulie.

Mwaka 1953 Wallace Rowe, mtafiti wa Marekani, alikuwa anaotesha kwenye vyupa vya maabara vipande vya nyama za puani zilizokatwa kwa watoto katika upasuaji. Seli zilikua vizuri kwa muda, kisha zikaanza kufa zenyewe bila mtu kuziwekea chochote. Ndani yake mlikuwa na kirusi kilichokuwa kimejificha tangu kwa mtoto. Nyama hizo kitaalamu huitwa adenoidi, na kirusi kikachukua jina hilo.

Miaka saba baadaye, mwaka 1960, huyohuyo Rowe na mwenzake Janet Hartley walikuwa wanashughulika na kitu tofauti kabisa: kirusi cha saratani ya damu ya panya kinachojulikana kama Friend. Walitaka kukiotesha kwenye seli. Kilichoota hakikuwa cha saratani. Kilikuwa adenovirusi ya panya, ambayo ilikuwamo kwenye sampuli bila mtu kuialika. Wakakipa jina FL, kwa herufi za kule kilikotokea, na leo kinaitwa adenovirusi ya panya aina ya 1. Mwaka 1966 watafiti wa Japani wakapata aina ya pili, K87, kwenye kinyesi cha panya aliyeonekana mzima wa afya. Ya tatu ikaja mwaka 2009, kutoka kwa panya wa mashambani huko Slovakia.

Angalia mtiririko huo: mara mbili kati ya hizo tatu kirusi kilikuwa kwa mnyama wa maabara, kimetulia, na watu wanaendelea na kazi zao.

Kwa umbo hawa wa panya na wale wetu ni ndugu. Ni kifuko chenye nyuso 20 za pembetatu, na kwenye pembe zake 12 kuna vijiti vinavyochomoza, ambavyo kirusi hutumia kushika seli. Ukubwa wake? Vipange 10,000 kwenye mstari mmoja, havitafika milimita moja. Ila kwa tabia kila mmoja amezoea nyumba yake. Adenovirusi ya binadamu ukimpa panya haizaliani vizuri, na ya panya haimsumbui binadamu. Kwa hiyo mtafiti anayetaka kuona ugonjwa wa adenovirusi ukikua ndani ya mwili mzima, kuanzia siku ya kwanza mpaka wa mwisho, hawezi kutumia kirusi cha mtu ndani ya panya. Analazimika kuchukua kirusi cha panya mwenyewe.

Na FL ikiamua kuugua, inaugua kweli. Hupenda seli zinazotandika ndani ya mishipa ya damu na zile seli za kinga zinazomeza uchafu. Panya mchanga anayenyonya anaweza kufa ndani ya siku kumi hivi. Kwa panya mkubwa inategemea ukoo. Hapa nisimame kidogo, maana ndipo penye utamu. Panya wa maabara si panya tu. Kila ukoo umezalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi mpaka wote wanafanana kama pacha. Ukoo mweusi unaoitwa C57BL/6 ukipewa FL, kirusi hushambulia mishipa midogo ya ubongo, kuta zinavuja, damu inaingia kwenye ubongo na uti wa mgongo, na panya anapooza kisha anakufa. Ukoo mweupe unaoitwa BALB/c ukipewa kirusi kilekile kwa dozi ileile, wengi wao wanaendelea kula. Wa tatu, SJL, nao ni dhaifu kupindukia, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walipofuatilia udhaifu huo waliukuta umeshikamana na sehemu moja ya kromosomu ya 15.

Tafsiri yake ni rahisi lakini nzito. Kama ningekuwa na ukoo mweupe tu maabara, ningeandika kwamba kirusi hiki hakina neno. Kama ningekuwa na mweusi tu, ningeandika kwamba ni muuaji. Wote wawili tungekuwa na data safi, na wote wawili tungekuwa tumesema nusu ya jambo.

K87 ni mpole zaidi. Hukaa kwenye utumbo, hutoka na kinyesi kwa wiki kadhaa, na panya mwenye kinga kamili mara nyingi haonyeshi dalili yoyote. Huyo mpole ndiye anayewasumbua wasimamizi wa nyumba za wanyama, maana hapigi kelele. FL nayo ina hila yake: panya akipona, kirusi kinaweza kubaki kwenye figo na kutoka kwenye mkojo mpaka miaka miwili, ambayo kwa panya ni karibu maisha yote. Panya hao wanakojoa kwenye maranda wanayolalia, mwenzake analamba, mzunguko unaendelea.

Mama mmoja jirani yetu pale Kambarage aliniuliza swali ambalo hata kwenye semina sijaulizwa kwa ufasaha ule: "Mwanangu, panya hana dalili, haumwi, na wewe hakuambukizi. Sasa shida iko wapi?" Nilimjibu kwa mfano, na nautumia tena hapa. Chukua mtafiti anayetaka kujua jinsi bakteria wa E. coli wanavyopanda kutoka kwenye kibofu mpaka figo, ugonjwa unaowatesa akina mama wajawazito wengi. Anawapa panya bakteria, anaona figo zinaharibika haraka, anafurahi, anaandika. Lakini tangu miaka ya 1960 inajulikana kwamba panya aliyekwisha kuambukizwa FL figo zake hushikwa na E. coli kwa urahisi zaidi. Je, alichopima ni ukali wa bakteria au ni kirusi kilichokuwa kimewahi kufika? Kama hakupima panya wake kabla, hawezi kujua, na sisi tunaosoma ripoti yake hatuwezi kujua. Kisha mtu mwingine anachukua ripoti hiyo kuchagua dawa ya kujaribu.

Kwa panya waliozaliwa bila kinga, wale wasio na tezi ya thimasi, hali ni mbaya zaidi: wanakonda na kufa. Hao ndio hutumika sana kwenye utafiti wa saratani. Ukiwa unajaribu dawa ya uvimbe na panya wanakonda, utasema dawa ni sumu. Dawa nzuri inaweza kutupwa hivyohivyo.

Ndiyo maana mwongozo wa shirikisho la Ulaya la sayansi ya wanyama wa maabara unataka panya wapimwe adenovirusi aina ya 1 na ya 2 angalau mara moja kwa mwaka. Namna ya kupima ina ujanja wake. Huwezi kumtoa damu kila panya, basi unaweka panya wachache wa ulinzi kwenye vizimba vyao, unawamwagia maranda machafu kutoka kwa wenzao wiki baada ya wiki, halafu unatafuta kingamwili kwenye damu yao. Wakikuta kitu, wamekwisha kukiripoti kwa niaba ya chumba kizima. Tatizo ni kwamba kipimo kilichotengenezwa kwa FL pekee kinaweza kumpita K87 bila kumwona. Kuna maabara zilizowahi kuwa na panya wenye virusi tele utumboni na majibu ya damu yanasema salama. Kwa hiyo unapima kwa vyote viwili, au unatafuta DNA ya kirusi kwenye kinyesi moja kwa moja.

Ukikuta kirusi, hakuna dawa ya kumpa panya. Njia inayokubalika ni kuanza upya: unatoa viinitete kutoka kwa mama aliyeambukizwa, unavisafisha, unavipandikiza kwa mama msafi. Ni ghali. Kwa vyuo vyetu vyenye bajeti ya kuunga-unga, kuzuia ndiyo njia pekee ya maana, na kuzuia kwa mazingira yetu kunaanzia stoo. Chakula cha panya kikikaa kwenye magunia sakafuni, panya wa nyumbani atakuja, na panya wa nyumbani ndiye yuleyule wa maabara aliyebaki mtaani: jamii moja, virusi vilevile. Mavi mawili matatu kwenye gunia la pumba yanatosha kuharibu jaribio la miaka miwili. Mimi naona tunatumia muda mwingi kujadili mashine na muda mchache mno kujadili milango isiyofunga.

Jambo jingine la stoo na la nyumbani pia. Adenovirusi hawana ule utando wa mafuta unaofunika virusi kama vya korona. Spiriti na vitakasa mikono vinafanya kazi kwa kuyeyusha utando huo, kwa hiyo adenovirusi huvistahimili vizuri zaidi, na vinaweza kukaa kwenye kitasa au taulo kwa siku nyingi. Kwenye vizimba tunatumia klorini, yaani jiki. Kwa macho mekundu nyumbani ni sabuni na maji yanayotiririka, kila mtu taulo lake, na si beseni moja la kunawia familia nzima au kikundi kizima kwenye duara. Usitie maziwa ya mama, chai wala mkojo. Usinunue matone ovyo duka la dawa: antibayotiki haziui virusi, na yale yenye steroidi bila kupimwa yanaweza kukuharibia jicho. Mara nyingi hupona lenyewe ndani ya wiki moja hadi tatu. Ila ukisikia maumivu makali, mwanga unakuchoma au huoni vizuri, nenda hospitali, hilo si la kusubiri.

Sasa turudi kwenye chanjo, maana panya safi naye ana lawama zake.

Nimetumia nusu ya makala hii kukueleza kwa nini panya lazima awe msafi. Hewa iliyochujwa, chakula kilichopitishwa kwenye mvuke, maranda yaliyochemshwa. Panya huyo hajawahi kuugua chochote. Mlinganishe na mtoto wa Kambarage anayetambaa uani: kabla hajatimiza miaka mitano amepita mafua mangapi, kuharisha mara ngapi, malaria je? Mwaka 2016 kikundi cha Chuo Kikuu cha Minnesota kilionyesha kwamba seli za kinga za panya safi wa maabara zinafanana na za mtoto mchanga wa binadamu, na kwamba ukimchanganya na panya wa dukani mwenye virusi vyake, kinga yake inabadilika na kukaribia ya mtu mzima. Baadhi ya wale safi walikufa katika kuchanganywa huko. Waliobaki walikuwa wanafanana na sisi zaidi.

Athari yake tumeiona kwenye chanjo za adenovirusi. Miaka ya mwanzo watafiti walipenda aina ya 5, kwa sababu ilijulikana vizuri na ilitoa kinga nzuri kwa panya na nyani ambao hawakuwahi kukutana nayo. Lakini sisi tumekutana nayo. Tafiti kusini mwa Sahara zimekuta watu wazima wengi wana kingamwili dhidi ya aina ya 5 tangu utotoni, na kingamwili hizo zinaweza kumkamata kirusi mbebaji kabla hajashusha mzigo. Septemba 2007 jaribio la STEP la chanjo ya VVU iliyobebwa na aina ya 5 lilisimamishwa. Chanjo haikukinga. Na baya zaidi, miongoni mwa wanaume ambao hawakutahiriwa na ambao walikuwa na kingamwili hizo kabla, waliochanjwa waliambukizwa VVU zaidi kuliko waliopewa maji matupu. Katika miaka hiyo chanjo nyingine ya VVU iliyotumia aina ya 5 ilijaribiwa kwa usalama Mbeya, Kericho na Kampala. Hapa kwetu haikuleta madhara hayo, lakini ndugu yake ilipopimwa nguvu yake Marekani, ilisimamishwa 2013 kwa kutokukinga.

Panya safi asingeweza kutuonya. Hakuwa na historia.

Ndipo wengine wakahamia aina adimu kwa binadamu, kama ile ya 26 iliyokuja kwenye Janssen, na wengine wakachukua adenovirusi za sokwe, ambazo damu yetu haizijui sana. ChAd63, ya sokwe, ilitumika Bagamoyo na watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara kujaribu chanjo ya malaria inayolenga protini ya RH5. Malaria ya binadamu haimwingii panya wa kawaida, kwa hiyo jibu lilihitaji watu wenyewe, na jibu lilikuwa la kufurahisha: watoto wachanga walitengeneza kingamwili nyingi kuliko watu wazima.

Kuhamia huko hakukumaliza matatizo yote, nisikudanganye. Mwaka 2021 iligundulika kwamba chanjo za aina hii, Janssen na AstraZeneca, kwa watu wachache mno huchochea damu kuganda vibaya huku chembe sahani zikishuka. Mwaka 2023 madaktari wakaeleza hali inayofanana na hiyo kwa wagonjwa waliopata adenovirusi ya kawaida, bila chanjo yoyote. Kwa hiyo kisa kiko kwa kirusi chenyewe, si kwenye kiwanda tu, na hilo limefungua mlango wa kurekebisha ganda lake.

Chanjo ninayoifuatilia kwa karibu mimi, mtoto wa mkoa wa ng'ombe, ni ya homa ya Bonde la Ufa. Ugonjwa huo ulielezwa kwa mara ya kwanza karibu na Naivasha, Kenya, mwaka 1931. Mlipuko wa 2006 na 2007 uliua Watanzania 144 kati ya 309 walioripotiwa kuugua, achilia mbali mifugo iliyotupa mimba. George Warimwe, mwanasayansi wa Kenya, na wenzake waliweka protini za kirusi hicho kwenye adenovirusi ya sokwe iitwayo ChAdOx1, ileile iliyobeba AstraZeneca baadaye. Mwaka 2013 walichapisha matokeo ya panya wa ukoo mweupe, BALB/c: waliochanjwa walikingwa. Mwaka 2016 yakaja ya kondoo, mbuzi na ng'ombe nchini Kenya. Kisha ikaenda kwa watu, kwanza Uingereza, halafu Uganda. Nia yao ni chanjo moja kwa mfugo na kwa mfugaji.

Uganda ndipo panapohesabika zaidi, kwa sababu damu ya mtu wa Uganda imepita adenovirusi nyingi, kama ya mtu wa Shinyanga.